TV ya mapokezi na maswali ya dirishani

TV ya ofisini kwetu ilinunuliwa kwa sababu ya Kombe la Dunia la 2018. Muhtasari wa kikao cha bodi hausemi hivyo. Unasema "kuboresha mazingira ya kuwahudumia wanachama", lakini kila aliyekuwapo anajua. Mashindano yalipokwisha, zile inchi 43 zikabaki ukutani pale mapokezi zikionyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na mwanachama aliyekuja kulipa rejesho lake akawa anaitwa mara tatu dirishani kabla hajasikia.

Mimi ni afisa mikopo wa SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Morogoro mjini. Sikusomea usanifu wa picha. Kazi ya TV iliniangukia kwa kuwa slaidi zangu za mkutano mkuu hazikuwa na maandishi yanayorukaruka kama panzi, basi meneja akaamini mimi ndiye mtaalamu. "Kijana, hebu hiyo TV iseme mambo yetu," akaniambia. Mambo gani, hakutaja. Bodi ilikuwa na orodha yake, mhasibu ana yake, na wanachama, ambao ndio wanaokaa mbele ya hiyo TV, hakuna aliyewauliza.

Orodha ya bodi ilianza na dira, dhamira na maadili ya msingi, ikafuatiwa na picha ya mwenyekiti, kisha bodi nzima mbele ya jengo, kisha cheti cha usajili. Sina ubaya na vitu hivyo. Ila nimekaa dawati la mikopo muda mrefu, na sijapata kumwona mtu akifika dirishani kuuliza dhamira yetu ni nini. Nikachukua kaunta buku stoo, nikampa keshia, nikamwomba aniandikie kila swali analoulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, asiyanyooshe. Alilalamika siku za mwanzo, akidai namwongezea kazi. Baadaye nilikuwa nakuta kurasa zimejaa, nyingine zina alama ya mshangao pembeni.

Swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa "Hisa zangu nazitoaje?" Watu walikuwa wanachanganya hisa, akiba na amana, na kila siku keshia alikuwa anaanza upya: hisa ni mtaji wako, hazitolewi ovyo ukiwa bado mwanachama, zinakupa gawio, akiba ndiyo inayobeba mkopo wako, amana ndiyo unayoweza kuja kuichukua. La pili lilikuwa "Naweza kukopa shilingi ngapi?" La tatu halikuwa swali hasa. Lilikuwa lawama: "Fomu yangu imerudishwa tena." Nikasema moyoni, slaidi zangu ndizo hizi, zimekwisha kuandikwa na wenye ofisi yao.

Ile ya fomu ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Nilipiga picha ukurasa wa kwanza wa fomu ya mkopo ambayo haijajazwa, nikaupanua mpaka sehemu ya utambulisho ijae kioo chote, nikazungushia duara jekundu pale penye namba ya kitambulisho cha taifa, na chini nikaandika maneno machache: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Zihesabu." Kwa sababu kilichokuwa kinarudisha fomu mara kwa mara ni hicho. Mtu anaandika namba ya kadi ya mpiga kura, au anaruka sifuri moja katikati, au anaandika ya mkewe. Slaidi iliyofuata ilikuwa ni fomu hiyohiyo, duara sasa liko kwenye sahihi ya mdhamini: "Mdhamini awe mwanachama, na asaini MBELE YETU." Nyingine ikaonyesha hesabu. Akiba 500,000, mara 3, mkopo hadi 1,500,000. Hakuna maelezo mengine kwenye slaidi hiyo, ni tarakimu tupu na mshale.

Wiki hiyohiyo katibu muhtasi aliniletea folda ya matangazo yetu yote ya karatasi, akitaka yaingie kwenye TV kama yalivyo. Ni wazo la kila ofisi niliyoitembelea: kazi imeshafanywa, ya nini kuirudia? Nikamwekea moja ili aone mwenyewe. Karatasi ya A4 imesimama, TV imelala. Tangazo la kusimama ukilijaza kwenye urefu wa kioo linachukua kama asilimia 40 tu ya upana, kwingine ni weusi mtupu, na yale maandishi ambayo mtu aliyasoma akiwa amesimama nusu mita kutoka ukutani sasa yanatakiwa yasomwe na aliyekaa benchi la nyuma. Katibu akaangalia, akacheka, akaichukua folda yake.

Slaidi za zamani za ofisi nazo zilikuwa na umbo la mraba-mraba, lile la 4 kwa 3, maana PowerPoint ilianza kufungua slaidi pana za 16 kwa 9 yenyewe kuanzia toleo la 2013, na kompyuta ya meneja ilikuwa na toleo la zamani kuliko hilo. Mtu mmoja ofisini hakupenda ile mistari myeusi ya kushoto na kulia, akabonyeza kitufe cha kuvuta picha ijae. Picha ikajaa kweli. Mwenyekiti naye akanenepa kwa theluthi nzima. Alipita pale akielekea kikaoni, akasimama, akajitazama, hakusema neno. Siku ya pili nikaruhusiwa kuondoa picha ya bodi.

Ukubwa wa herufi niliupata kwa kukaa benchi la nyuma na wanachama. Kompyutani kila kitu kinasomeka, kwa sababu pua yako iko karibu na kioo. Alikuwapo bibi mmoja anayeuza mboga soko kuu, mwanachama wetu wa zamani. Nikamsogelea. "Shikamoo bibi. Hebu niambie pale kimeandikwa nini?" Akakaza macho. "Marahaba. Naona rangi tu, mjukuu wangu." Basi nikachukua futi kamba ya fundi. Kutoka benchi lile hadi ukutani ni mita 4. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa mabango kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi kubwa yenye kimo cha kama sentimita 2.5, na kioo cha inchi 43 kina kimo cha sentimita 53 na kitu. Ukipiga hesabu hiyo mpaka ndani ya PowerPoint, unajikuta kwenye fonti ya 48 kwa benchi langu la mwisho. Hivyo sikushuka chini ya 48 tena, na slaidi ikawa haibebi zaidi ya mistari sita. Mtu akiniletea maneno ya mistari kumi, namwambia achague, au tuyagawe slaidi mbili.

Rangi zetu ni kijani na njano. Kwenye fulana zinapendeza. Kwenye TV iliyokuwa inatazamana na mlango wa mbele, maandishi ya njano juu ya kijani kibichi yalikuwa yanapotea kabisa ikifika saa 8 mchana, jua likiingia moja kwa moja. Nilibadilisha nikaweka maandishi meupe juu ya kijani kilichokolea karibu na weusi, njano nikaiacha kwa namba tu. Ikasaidia nusu. Nusu nyingine ilikuwa ni kumwita fundi aihamishe TV ukuta wa pembeni, jambo lililoombewa kibali, likajadiliwa, likapitishwa, na likatekelezwa kwa muda wa kunywa chai. Kibali kilichukua muda mrefu kuliko kutoboa ukuta.

Sasa niseme ya flashi, kwa kuwa wengi hukwamia hapo. TV nyingi za kisasa zina tundu la USB na zinaweza kupitisha picha moja baada ya nyingine bila kompyuta yoyote. Unatoa slaidi kama picha za JPG, unaziweka kwenye flashi, unachomeka. Ndivyo tulivyoanza. Ukizipa faili majina ya 1, 2, 3 hadi 12, TV yetu inaanza na 1, inaruka kwenda 10, 11, 12, ndipo inarudi 2, kwa sababu inapanga kama kamusi inavyopanga maneno. Andika 01, 02, 03 na mambo yananyooka. Halafu kuna picha zinazokataa kufunguka bila kueleza sababu. Duka la uchapaji lilitupa bango la mkutano mkuu kama JPG, kwenye kompyuta linaonekana, kwenye TV tunaambiwa faili haitambuliki. Lilikuwa limehifadhiwa kwa mfumo wa rangi nne za mashine ya kuchapia, CMYK, nayo TV inaelewa zile tatu za kioo, RGB. Ukilifungua na kulihifadhi upya kwa RGB linakubali. Picha za wanachama wakinitumia kwa WhatsApp nilikuwa naomba wazitume kama dokumenti, si kama picha, maana WhatsApp huzibana, na uso uliokuwa safi kwenye simu unafika ukutani umepauka.

Kingo pia. TV nyingi hukata kidogo pembeni mwa picha, tabia iliyorithiwa kutoka zama za TV za kichogo, ambazo kingo zake zilikuwa hazitabiriki. Mstari wetu wa chini, ule wenye namba ya simu ya ofisi, ulikuwa unaonekana nusu, vichwa vya tarakimu tu. Ipo sehemu kwenye menyu ya kuzuia ukataji huo, ila kila kampuni imeipa jina lake, na kwenye baadhi imefichwa mahali ambapo lazima uwe na subira. Mimi niliibadilisha, na bado naacha asilimia 5 tupu kila upande. Kwenye picha ya pikseli 1920 kwa 1080 hiyo ni pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini. Ikihamishiwa TV nyingine siku moja, namba ya simu haitakatwa.

Tatizo la njia ya picha lilikuwa umeme. Ukikatika na kurudi, TV yetu inawaka ikiwa kwenye ukurasa wake wa mwanzo, inasubiri mtu achague USB, achague folda, achague picha, abonyeze kuanza. Dada wa mapokezi ana watu mbele yake, hawezi kuhangaika na rimoti. Kijana mmoja anayetutengenezea kompyuta akaleta Raspberry Pi, kile kikompyuta cha saizi ya pakiti ya sigara kilichoanza kuuzwa 2012. Akakichomeka kwenye HDMI, akakipangia kianze chenyewe umeme ukirudi, na kupitia waya huohuo kikawa kinaiwasha TV saa 2 asubuhi na kuizima saa 11 jioni. Nilikipenda mno. Kadi yake ya kumbukumbu iliharibika baada ya umeme kukatika kwa kushtukiza mara kadhaa, kijana akairekebisha, akaifanya iwe ya kusomwa tu bila kuandikwa, na tangu hapo haikufa tena.

Lakini kikawa ni cha watu wawili: yule kijana na mimi. Nilipokwenda likizo, tangazo la mkutano mkuu lilibadilishwa tarehe, na ofisi nzima haikuwa na mtu wa kuigusa TV. Mlinzi akapachika karatasi juu ya kioo kwa selotepu, tarehe mpya imeandikwa kwa kalamu nene. Kwa kweli alifanya jambo la maana, na karatasi ile ilisomeka vizuri kuliko slaidi.

Kwa hiyo tumerudi kwenye flashi, ila kwa namna nyingine. PowerPoint inaweza kuhifadhi slaidi zote kuwa video moja ya MP4. Video moja, yenye kila slaidi kwa sekunde 15, ikiwekwa kwenye kurudia, na TV yetu ikikumbuka ilipoishia baada ya umeme kurudi, hatua zinabaki mbili tu. Flashi ziko mbili, nyekundu na bluu. Nyekundu ikiwa kwenye TV, bluu iko kwenye droo ya dada wa mapokezi, na yeyote mwenye tangazo jipya analiweka kwenye bluu. Jumatatu asubuhi zinabadilishana. Nyuma ya dawati kuna karatasi yenye mchoro wa rimoti, vitufe viwili vimepakwa rangi. Kijana wa Raspberry Pi aliona tumerudi nyuma, na kitaalamu ana haki. Ila sasa hata keshia anabadilisha, hata mhasibu, ambaye kwa desturi hagusi kitu chenye waya.

Kuhusu zile sekunde 15: soma slaidi kwa sauti ya chini, pole pole, mara mbili, uone umetumia muda gani. Watu huweka sekunde 5 kwa kuwa wao wanajua kilichoandikwa. Mwanachama aliyeinua kichwa slaidi ikiwa katikati anahitaji nafasi ya kuanza mwanzo. Na mzunguko mzima usizidi muda wa kusubiri. Kwetu mtu husubiri kama robo saa siku ya kawaida, hivyo slaidi 20 zinatosha. Anaziona zote angalau mara moja kabla hajaitwa.

Kuna kipindi TV ilikuwa inajizima kila siku mchana. Fundi akaja, akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akachukua hela yake ya ufundi. Kesho yake ikazima tena. Ilikuwa ni mpangilio wa kuokoa umeme tu: rimoti isipoguswa kwa saa 4, inadhani mwenye nyumba amelala. Ukifungua saa 2 asubuhi, saa 6 mchana ndiyo kifo chake. Hilo limo kwenye TV nyingi, pamoja na ile hali ya dukani inayofanya rangi ziwe kali na matangazo ya kampuni yajitokeze kila mara, ambayo muuzaji wetu alisahau kuitoa. Kwenye chumba cha kawaida punguza mwanga. Macho yanapumzika, na mjumbe mmoja wa bodi, anayehesabu LUKU kama anailipa mwenyewe, anapumzika pia. TV ya saizi yetu haifikishi yuniti moja kwa siku ya kazi, nilimpigia hesabu mbele yake, watts mara saa. Hakuridhika, ila alinyamaza.

Mpira ulikuwa na kesi yake. Siku ya Simba na Yanga hakuna slaidi ya hisa itakayovumiliwa, na sikutaka TV ichukiwe. Tuliafikiana king'amuzi kibaki kwenye HDMI ya pili, kiwashwe saa ya taarifa ya habari na siku za mechi kubwa za jioni, rimoti ikae kwa dada wa mapokezi na si kwa mlinzi. Mlinzi hajalisahau hilo hadi leo. Muziki tuliukataa tangu mwanzo. Keshia yuko nyuma ya kioo na wazee wengine wanasikia kwa shida, na isitoshe kupiga muziki wa watu mahali pa umma kunahitaji kibali cha wenye haki chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999. TV yetu ni bubu na hakuna aliyelalamika.

Kuna mambo mawili ambayo yalinipa mawazo kuliko nyaya na fonti.

La kwanza ni wadaiwa. Mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kwa wakati, ilipopanda, mwenyekiti alikuja na wazo lake: majina ya wadaiwa sugu yapite kwenye TV, pamoja na picha na kiasi. "Wataona aibu, watalipa." Nilimjibu kwa adabu, maana ni mzee wangu, lakini nilimjibu. Kwanza kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na deni la mtu ni taarifa yake. Kulitangaza mapokezi ni kujitafutia kesi. Pili, nikamwambia, mzee, anayeaibishwa pale si mdaiwa, kwa kuwa mdaiwa haji ofisini. Anayeiona ni mama aliyekuja kufungua akaunti na mwanawe, na kitu anachokisoma ni kwamba siku akikwama, uso wake utakuwa ukutani. Mwenyekiti alikaa kimya, akauliza basi tufanyeje. Tukaweka slaidi yenye tarehe ya mwisho ya marejesho ya mwezi huo na mstari mmoja: "Umekwama? Njoo tuzungumze kabla ya tarehe hiyo." Wapo waliokuja. Si wote, na chechefu hazikuisha kwa slaidi, ila waliokuja walikuja kabla ya barua ya wakili.

Picha za wanachama tunaweka, za waliokubali kwa maandishi tu. Alikuwapo mama mmoja aliyepigwa picha ameshika cheti chake cha hisa mbele ya mashine ya kukobolea aliyoinunua kwa mkopo. Picha nzuri, watu walikuwa wanaiulizia. Alipofariki tuliiondoa asubuhi ileile, tukidhani ndiyo heshima. Siku chache baadaye wanawe walifika kwa mambo ya mirathi, wakaangalia ukutani, wakauliza picha ya mama iko wapi. Wakaomba irudishwe hadi arobaini. Ikarudishwa, bila maneno ya matangazo, jina lake tu.

Jambo la pili sikulitarajia. Maandishi ya ukutani watu wanayachukulia kama ahadi. Slaidi ya mkopo wa dharura ilisema "Ndani ya siku 2". Mwanachama mmoja, mwalimu, akaja siku ya tatu, simu mkononi, picha ya TV yetu imo ndani yake, na tarehe. Hakupandisha sauti. Aliiweka simu juu ya kaunta na kuielekeza kwetu. Meneja alitaka slaidi iondolewe siku hiyohiyo. Mimi nikaona kuiondoa ni kukiri hatuwezi. Tukakaa na kuangalia mkopo wa dharura unakwama wapi hasa, tukakuta ni kwenye sahihi moja ya mtu ambaye hayupo ofisini kila siku. Sahihi ikahamishiwa kwa mwingine. Slaidi ikaandikwa upya: "Siku 2 za kazi, ukikamilisha nyaraka", na chini yake zikatajwa nyaraka zenyewe. Tangu hapo, kabla tangazo halijaingia kwenye flashi ya bluu, mkuu wa kitengo kinachohusika analisoma na kuweka sahihi pembeni. Imepunguza matangazo kwa kiasi cha kufurahisha. Wengi wanapotakiwa kusaini, wanagundua hawakuwa na la kusema.

Kila faili ina tarehe ya kufa kwenye jina lake, na Jumatatu anayebadilisha flashi anafuta zilizopitwa. Mwaliko wa mkutano uliokwisha kufanyika ukiendelea kupita ukutani unaharibu sifa ya slaidi zote zilizo jirani yake. Mtu anajiambia hawa hawaangalii wanachoonyesha. Saa nazo tunaziandika na sehemu ya siku, "saa 4:00 asubuhi", kwa kuwa wapo vijana wanaosoma saa kwa simu na wazee wanaozisoma kwa jua.

Keshia ameendelea na kaunta buku yake, sasa ni ya tatu au ya nne. Maswali hayajapungua kama meneja alivyotumaini. Yamebadilika. La hisa limekaribia kutoweka, fomu zinarudi chache. Yamekuja mengine ambayo zamani hayakuwapo: kwa nini riba ya salio linalopungua inanitoza kidogo mwisho na nyingi mwanzo, gawio la mwaka huu limepatikanaje, nikimaliza mkopo kabla ya muda napunguziwa nini. Keshia anasema yanamchosha zaidi kuliko yale ya zamani. Nimemtengenezea slaidi za riba, miezi mitatu ya mkopo mmoja wa mfano, salio likishuka mstari kwa mstari, na hizo ndizo zinazopigwa picha sana kwa simu.

Hivi karibuni tumefungua dawati Ifakara, na wenzetu kule waliomba niwatumie folda nzima ya slaidi. Nimewatumia mbili: ya NIDA na ya tofauti ya hisa na akiba. Nyingine nimezizuia. Wanachama wao wengi ni wakulima wa mpunga wa Kilombero, wanakuja na maswali ya mikopo ya pembejeo, ya mavuno kuchelewa, ya rejesho linaloangukia mwezi ambao mfukoni hakuna kitu. Slaidi yangu ya mwalimu anayekatwa kwenye mshahara haina kazi pale. Meneja wao alitaka kujua anunue inchi ngapi. Nikamwambia asubiri kwanza aone watu wanakaa upande gani na jua linaingia wapi, na kwamba kabla ya TV anunue kaunta buku, ampe keshia.